Uzi: Boo Radley na zile nyumba tulizozipita mbio. Nani huwatia watoto hofu ya jirani?

Mwana_wa_Kibokoni (mwanzilishi wa uzi)

Salaam aleikum wadau. Wiki hii nimekirudia kitabu cha Harper Lee, To Kill a Mockingbird, kilichotoka Marekani mwaka 1960 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Watu wakikijadili hukimbilia mahakamani, kwa wakili Atticus Finch na kesi ya Tom Robinson, Mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu, na wana haki. Lakini kilichonishika mimi safari hii ni ile nyumba ya jirani yenye madirisha yaliyofungwa, na huyo bwana aliyemo ndani ambaye watoto wanamwita Boo.

Tahadhari: mwisho wa hadithi utatajwa humu. Anayetaka kusoma mwenyewe kwanza, aage mapema.

Mji ni Maycomb, mji wa kubuni katika jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Msimulizi ni Scout, binti wa Atticus, ambaye hadithi ikianza hata shule hajaingia. Kaka yake ni Jem, anakaribia miaka kumi. Kila kiangazi huja mtoto wa tatu, Dill, kukaa kwa shangazi yake. Kazi yao ni moja: kumchungulia Arthur Radley, yaani Boo, ambaye hajaonekana nje miaka na miaka. Kwa maelezo ya Jem, ni jitu la futi sita na nusu, lina kovu usoni, meno ya manjano yameoza, macho yamelitoka, udenda unalichuruzika, na chakula chake ni kindi wabichi na paka wowote litakaowanasa. Njugu za mti wa pikani wa kina Radley zikidondokea upande wa shule, haziokotwi, ukila, umekufa. Mpira ukiingia uani kwao, basi tena, hakuna wa kuufuata.

Sasa hoja yangu. Someni tena muone kila tetesi imetoka kinywani mwa nani. Ile kubwa kuliko zote inasema hivi: Boo alikuwa amekaa anakata vipande vya gazeti, baba yake akapita, akamchoma mkasi mguuni, akauchomoa, akaupangusa kwenye suruali yake mwenyewe, akaendelea kukata gazeti. Jem kaipata wapi? Kwa Bi Stephanie Crawford, jirani, mtu mzima, bingwa wa umbeya wa mtaa mzima. Maua ya watu yakifa kwa baridi, inasemwa Boo kayapumulia. Hayo si maneno ya mtoto wa miaka sita. Wakubwa ndio walioinjika chungu, watoto wakaja kutia chumvi tu.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu mtoto akiogopa nyumba ya mtu, wakubwa hucheka, "ah, mambo ya kitoto hayo." Ya kitoto kayatoa wapi?

BintiMakadara

Kaka, nakuunga mkono nusu, nusu nakukatalia.

Umbeya umetoka kwa Bi Stephanie, sawa. Lakini tetesi ilikuwako mtaani kabla Dill hajafika, na Jem na Scout walikuwa wakipita pale kila siku ya shule bila kufanya lolote. Mbio tu. Aliyewachokoza kutaka kumtoa Boo nje ni Dill, mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu alikuja wenyeji wakapata homa. Ndiye aliyeweka dau, kitabu chake kimoja kwa viwili vya Jem, kwamba Jem hawezi kuvuka lango la Radley. Jem akalifikiria siku kadhaa, mwisho akachomoka, akaupiga ukuta wa nyumba kofi moja, akarudi mbio. Hapo hakuna mtu mzima. Hiyo ni tamaa ya watoto wenyewe.

Halafu wakaufanya mchezo kabisa, wakaigiza maisha ya kina Radley pale uani kwao, Jem akiwa Boo, mkasi wa kweli mkononi, mpaka Atticus akaja akauchukua. Mtoto aliyeogopa kikweli haigizi kinachomwogopesha mchana kutwa. Wale walikuwa wanaifurahia.

Nayajua haya. Tulipokuwa tukitoka chuoni jioni, kulikuwa na njia pana yenye taa, tena fupi. Hatukuipita. Tulipita ule uchochoro wa nyuma makusudi, kwa sababu ya nyumba moja ya ghorofa yenye roshani iliyolegea, ambayo hatukuwahi kuona mtu akiingia wala kutoka. Juzuu kifuani, kandambili mkononi zisipige kelele, halafu mbio mpaka barazani, na hapo ndipo tulipoanza kushtakiana nani aliyelia. Hakuna mzazi aliyetutuma. Na siku ile nyumba ilipopakwa chokaa na kupangishwa, wallahi tulisikitika.

NahodhaMstaafu

Wajukuu zangu, kitabu hicho mimi sikukisoma, lakini mambo yake nayajua.

Sisi twalipokuwa wadogo aliyetutisha hakuwa jirani, alikuwa mumiani. Twaliambiwa wazimamoto ndio wenye kazi hiyo: wana gari, hutembea usiku, hukunasa wakakutoa damu ikafanywe dawa. Na waliotwambia si watoto wenzetu, ni watu wazima na ndevu zao, tena wakiapa. Uvumi huo haukuwa wa Mombasa peke yake. Nairobi ulikuwako, Kampala na Dar es Salaam ulikuwako, enzi za Mwingereza, na wasomi wa historia wameuandikia. Mimi nauona hivi: mtu huyu ana sare, ana gari, analipwa mshahara hata siku ambayo hakuna moto, na nyumba yake ya kazi huingii. Basi kazi gani aifanyayo humo ndani? Watu wakajijibu wenyewe.

Tena kuna yule bibi mzuri wa buibui, anukia asumini, ukiinamisha macho waona kwato. Huyo sidhani kuna mtoto wa Mombasa asiyemjua hata leo. Mama yangu alikuwa akimtaja kila magharibi ikikaribia na mimi ningali nje na mpira. Mchana hamtaji kamwe! Adhana ikitolewa, kila mtoto yu ndani. Hofu ile ilikuwa na kazi yake. Mama hakuwa na simu ya kunipigia.

Paka_wa_Bandarini

Ati Boo anakula paka. Angehamia Mji wa Kale angenenepa mpaka ashindwe kupita vichochoro. Ila ajihadhari, paka wa huku humgusi usiku, huwezi jua ni paka au ni mtu na shughuli zake.

Ticha_Likoni

Paka umenichekesha, lakini hao paka na kuku wana kisa kitabuni ambacho wengi hukiruka.

Kuna wakati kuku na wanyama wa watu pale Maycomb walikuwa wakikutwa asubuhi wameuawa vibaya. Mji ukaingiwa na hofu, na macho yote yakaelekea kwa Radley. Baadaye ikajulikana aliyekuwa akifanya hivyo ni mtu mwingine kabisa, waliyemwita Crazy Addie, ambaye mwishowe alijitosa majini akafa. Mshukiwa kapatikana, kesi imekwisha. Na bado, anasema Scout, watu waliendelea kuitazama nyumba ya Radley, hawakutaka kuachana na shaka yao ya kwanza.

Hiyo ni kama sentensi mbili tu mwanzoni mwa kitabu, na mwandishi hakuiweka bure. Nenda sasa mahakamani. Mayella Ewell, yule msichana aliyemshtaki Tom, aliumizwa upande wa kulia wa uso, na aliyempiga yaelekea alitumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom Robinson ni kilema tangu utotoni, haufanyi kazi. Bob Ewell, baba wa Mayella, anaandika kwa mkono wa kushoto mbele ya mahakama nzima. Baraza la wazee wa mahakama likaona yote hayo, likamtia Tom hatiani. Ni tabia ileile! Waliokaa kumhukumu Tom walitoka mashambani nje ya mji, lakini hawakutofautiana na wale waliozoea kuitazama nyumba ya Radley baada ya Addie kujulikana. Kwa hiyo Mwana_wa_Kibokoni, usiseme watu hukimbilia mahakamani wakaiacha nyumba ya jirani. Ni kesi moja, inasikilizwa mara mbili.

Na hapa niwaambie ndugu zangu, ile methali yetu ya "lisemwalo lipo, na kama halipo laja" mimi darasani nimeacha kuipa wanafunzi bila kuijadili. Mtu akishasemwa, kwa methali hiyo hana pa kutokea. Kama hajafanya, atafanya.

Ummu_Salma

Nimewasoma nyote. Naona mnazungumza juu ya watoto na juu ya mji, hamjamzungumza baba.

Boo hakuzaliwa jini. Alikuwa kijana aliyefuata kikundi cha vijana wenzake, usiku mmoja wakaendesha gari kinyumenyume pale uwanjani na kumfungia afisa mmoja chooni. Utundu. Hakimu akaamua wapelekwe shule ya ufundi ya serikali. Mzee Radley akaona ni fedheha, akamwomba hakimu amwachie mwanawe, atahakikisha hasumbui tena. Akamchukua nyumbani, na miaka kumi na mitano hakuonekana. Sasa soma kilichowapata wale wenzake: walikwenda wakapata elimu nzuri kabisa, mmoja mpaka akasomea uhandisi. Aliyepona "aibu" ndiye aliyefukiwa akiwa hai.

Nisiseme mengi, lakini sisi wa nyumba za ghorofa za mji huu tunajua maana ya mtu kuwekwa juu. Mtaani kwetu palikuwa na familia, watu wa heshima, salamu zao njema, na chumba cha juu kilikuwa na mtu. Watoto tuliambiana ana rohani. Watu wazima walisema "mgonjwa", wakabadilisha mazungumzo. Huko kubadilisha mazungumzo ndiko kulikotuogopesha. Rohani tulikuwa tumemzoea, kila nyumba ilikuwa na mwenye kupunga.

Ramadhani mama alikuwa akinituma na sahani za futari kwa majirani, na nyumba ile haikurukwa. Nakumbuka ile sahani, ya bati, nyeupe na ukingo wa buluu uliomenyeka. Ilipelekwa na mkate wa sinia au tambi, ikafunikwa kawa. Sikupanda ngazi, nilisimama chini, kikapu kikateremshwa kwa kamba, nikaweka, kikapanda. Na sahani hairudi tupu, mnajua wenyewe. Ikirudi kwa kamba ileile ina kitu: tende, visheti, mara moja ilirudi na ndege aliyekunjwa kwa karatasi ya sanduku la majani ya chai. Shughuli ya mikono ya mtu mwenye wakati mwingi. Mama alimtazama yule ndege, akamweka juu ya kabati la vyombo, hakusema kitu. Mimi nilikuwa namwogopa yule ndege kwa usiku kadhaa, mpaka nikamzoea.

Basi nilipofika kwenye ule mti wa kina Radley, wenye shimo, ambamo Scout na Jem walikuwa wakikuta vitu, sikuhitaji kufafanuliwa. Ubani wa kutafuna, senti mbili za zamani zilizosuguliwa, wanasesere wawili waliochongwa kwa sabuni wakifanana na wao wenyewe, saa isiyofanya kazi. Na mwisho wa kitabu, Scout anasema jambo lililonikata maini: kwamba majirani hupeana, lakini wao hawakuwahi kurudisha kitu kwenye ule mti. Walichukua tu. Mtoto wa Kimombasa angeambiwa hilo na mama yake siku ya kwanza: sahani ya watu imerudi na nini?

Mkaazi_wa_Tudor

Bi mkubwa, umeandika vizuri, lakini ngojeni kidogo. Mnamfanya Boo malaika.

Mimi ni baba wa mabinti wawili. Mwanamume mzima nisiyemjua, anawaachia wanangu peremende kwenye shimo la mti, anawachonga sura zao kwa sabuni bila wao kujua anawatazama, usiku anatoka kumfunika binti yangu blanketi asionekane. Sitakaa kusema "maskini, mpweke." Mti ningeukata mimi mwenyewe. Hofu nyingine ni akili. Tunawaambia watoto wasipokee kitu kwa mtu wasiyemjua, halafu tunawapa kitabu ambacho aliyepokea ndiye aliyeokolewa.

Na tusisahau mwisho Bob Ewell amelala chini maiti, na yaelekea aliyemchoma kisu ni Boo.

Mwana_wa_Kibokoni

Mkaazi, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Leo, kwa mji ulivyo, hata mimi ningeenda kubisha hodi.

Lakini angalia hapohapo ulipotia kidole. Ungebisha hodi. Katika kitabu kizima hakuna mtu mzima anayebisha hodi kumwuliza Boo hali. Atticus anawakataza watoto kumsumbua, na ni mtu mwema, lakini naye hajamwuliza. Bi Maudie, jirani mwingine, anamkumbuka Arthur alipokuwa mdogo, alikuwa akimsemesha vizuri, basi, ameishia kumkumbuka. Mtaa mzima una maelezo yake na hakuna aliyezungumza naye. Mtoto atajuaje kama huyu ni wa kuogopwa au wa kusalimiwa, ikiwa wakubwa wamemwachia Bi Stephanie kazi ya kueleza?

Na kuhusu Ewell: alikuwa akijaribu kuwaua Jem na Scout gizani, usiku wa Halloween. Sherifu mwenyewe aliamua iandikwe kuwa Ewell kaangukia kisu chake, ili Boo asiburutwe kwenye mwangaza. Unaweza kukataa uamuzi huo kisheria, mimi pia unanikera kidogo, lakini Boo alikuwa anawatetea.

Mtu_wa_Ganze

Samahani niingilie, mimi si msomaji wa riwaya sana.

Nyinyi mnazungumza juu ya watoto na njugu. Sisi huku Kilifi, na ndugu zetu wa Kwale, tetesi juu ya jirani aliyejitenga huua watu. Mzee ana mvi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, anakaa peke yake, mtoto wa mtu akaugua. Inaanza kama huko kwenu, "usipite kwake," "usile embe lake." Halafu usiku mmoja wanakuja vijana na mapanga. Na mara nyingi ukichimba utakuta kuna shamba. Wajukuu wanataka kugawana, mzee hafi. Kaya Godoma hapa Ganze imekuwa ikiwapokea wazee waliokimbia makwao kwa kuitwa wachawi. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1925, na inakataza pia kumsingizia mtu. Nani anaitumia kwa hilo?

Kwa hiyo huyo mwenzetu aliyesema watoto wanaifurahia hofu, ni kweli, watoto wanaifurahia. Kisha wanakua nayo.

Ticha_Likoni

Ahsante sana Mtu_wa_Ganze. Hilo la shamba lingekuwa somo zima.

BintiMakadara

Mtu_wa_Ganze, nimekusikia, na sina jibu la kukurudishia. Nitabaki kwenye kitabu, maana huko nina jambo.

Kuna siku Scout aliingia ndani ya tairi kuukuu, Jem akalisukuma, likaporomoka mpaka likaishia mbele ya ngazi za nyumba ya Radley. Scout akatoka anapepesuka, Jem anampigia kelele akimbie. Baadaye sana, sura inapokwisha, ndipo anapotuambia sisi wasomaji alichokisikia pale na hakuwaambia wenzake: ndani ya nyumba, chinichini, kuna mtu alikuwa anacheka.

Mimi ninapoisoma napata baridi, halafu napata kicheko mwenyewe. Mtoto kagongwa, kizunguzungu, analikimbia tairi. Hata wewe Mkaazi ungecheka. Huyo mla paka alikuwa dirishani kwake anaangalia sinema ya bure. Na Scout amekisikia kicheko, amekiweka moyoni, na bado anaendelea kuogopa na kuendelea na mchezo. Ndiyo maana nikasema nakukatalia nusu, Mwana_wa_Kibokoni. Bi Stephanie aliwapa tetesi, lakini kicheko Scout alikisikia kwa masikio yake na akachagua tetesi.

Mwana_wa_Kibokoni

Hilo nalikubali. Ila mwulize Jem. Yule alikuwa ameshabadilika. Suruali yake iliyonasa kwenye waya wa kina Radley aliirudia usiku, akaikuta imekunjwa juu ya ua, imeshonwa hovyo hovyo, mshono wa mtu asiyejua kushona. Akanyamaza wiki nzima. Halafu Nathan Radley, kaka mtu, akaliziba shimo la mti kwa saruji, akasema mti unaumwa. Jem akamwuliza baba yake, Atticus akautazama mti, akasema mbona mzima. Jioni ile Scout aliona Jem alikuwa amelia. Jem alielewa kabla ya dada yake. Na hakumwambia.

Ummu_Salma

Nathan angekuwa mtoto wangu.

Paka_wa_Bandarini

Bi Ummu Salma, kwani ungemfanya nini?

Ummu_Salma

Nisiandike hadharani.

Mkaazi_wa_Tudor

Saruji naikataa hata mimi. Nilisema ningeukata mti, sikusema ningemdanganya mtoto kuwa unaumwa.

NahodhaMstaafu

Wajukuu, je, kuna filamu ya mambo haya? Macho yangu hayanipi kusoma tena.

Ticha_Likoni

Ipo, mzee wangu, ya mwaka 1962, ya rangi nyeusi na nyeupe. Boo amechezwa na Robert Duvall, ilikuwa filamu yake ya kwanza, na hasemi hata neno moja. Lakini kitabu kina mengi zaidi. Ninacho nakala, nitakuletea, mjukuu mmoja akusomee na kukutafsiria. Nikukute wapi?

NahodhaMstaafu

Msikiti wa Mandhry, Ijumaa, baada ya swala. Nimevaa kofia ya vito, natumia mkongojo. Tena njoo na kahawa, mwisho wa hadithi mmeshanimalizia.